Shekhar Mehta, Datsun yake, na injini ya mpwa wangu wa Kitengela

Dada yangu akinipigia simu baada ya isha, huwa ni mambo mawili: ama kuna msiba, ama kijana wake kafanya jambo. Mwezi uliopita lilikuwa hilo la pili. Kijana anafanya kazi Athi River, amepanga Kitengela, na alikuwa amemwomba mamake pesa za kununulia injini. Si injini ya gari la kazi lililomharibikia njiani, la. Ni injini ya Datsun kuukuu ya michezo, ile ya milango miwili yenye pua ndefu, ya miaka ya sabini, aliyoinunua kwa mzee mmoja wa Kajiado ikiwa imelala chini ya mti. Pesa zenyewe ni za chama. Mama wa watu kazichanga miaka minne kwa viazi vya karai na bajia. Akaniambia mimi ndiye mjomba, niende nikaone kwa macho yangu kama mtoto ana akili zake.

Nikaenda. Treni ya SGR kutoka Miritini, nikashuka kituo cha Athi River, na kutoka hapo Kitengela si mbali. Anayekaa Mombasa akifika Kitengela kwanza huona upepo na baridi, kisha huona vumbi, na mvua ikinyesha huona ule udongo mweusi unaonata kwenye viatu mpaka unatembea kama umevaa mabuyu. Usiku unasikia magari. Barabara ya Namanga inapita katikati ya mji, na vijana wenye Subaru na Toyota zilizofumuliwa ekzosi huifanya uwanja wao. Mpwa wangu aliniambia kwa furaha kwamba Datsun yake ikikamilika hawatamwona ila taa za nyuma. Nilinyamaza. Nilikuwa nafikiria mamake.

Jumamosi tukateremka Kajiado kwa fundi, karibu kilomita 50, kupitia Isinya. Gari niliikuta juu ya mawe, haina magurudumu, boneti iko pembeni. Injini yake ya asili, silinda 6, lita 2.4, imeshika: mzee aliiacha bila maji wala oili miaka na miaka. Fundi ni mtu mzima, mpole, na alitueleza bila haraka kwamba njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuifungua hiyo hiyo, kuichonga silinda, kuitia pistoni mpya. Ya pili ni kutafuta injini ya ukoo huo huo wa Datsun lakini kubwa zaidi, ile ya lita 2.8, ambayo kwa umbo la nje ni ndugu yake kabisa, inakaa kwenye mauntingi zile zile na kushika giaboksi ile ile. Ya tatu ndiyo aliyoitaka kijana: injini ya Toyota ya lita 3, silinda 6, mtumba wa Japani ulioshushwa pale pale bandarini kwetu Kilindini, na baadaye, Mungu akipenda, turbo.

Hiyo ya tatu si kazi ya kufungua boluti na kufunga boluti. Mauntingi hazilingani, lazima zichomelewe mpya. Sampu ya oili inagonga mahali pasipotakiwa. Giaboksi ni nyingine, propela inakatwa na kupimwa upya, redieta haitoshi, nyaya zote zinavutwa kutoka mwanzo. Tena logbuku nayo. Ukibadilisha injini lazima NTSA wajulishwe na namba mpya iandikwe, la sivyo siku ya ajali bima itakuangalia kama mgeni.

Ukutani mwa gereji palikuwa na kalenda ya zamani sana, imefifia, na picha juu yake ni gari kama hilo hilo, jekundu, limejaa matope mpaka kwenye vioo. Mpwa wangu analijua: Datsun 240Z, injini L24. Alinitajia mpaka kipenyo cha silinda. Nikamuuliza aliyekuwa akiendesha ni nani. Hakujua. Nikamtajia jina, Shekhar Mehta, akadhani ni duka la spea la mtaani Nairobi.

Sikumlaumu sana. Sisi wenyewe huku Pwani tunawakumbuka wanasoka wetu mpaka wale wa timu za mtaa, lakini huyu tumemwacha. Marehemu babangu alikuwa mfanyakazi wa bandari na mpenzi wa Safari Rally asiye na gari. Kila Pasaka aliweka redio masikioni kama dawa. Kwa hiyo jina hili nimelala nalo utotoni. Basi siku ile, tukiwa tumekaa juu ya magurudumu ya lori kule Kajiado, nilimsimulia kijana maisha ya mtu huyu, na naona niyaandike hapa pia, kwa sababu wako vijana wengi wa aina yake, na wengine wako Likoni na Kisauni.

Shekhar Mehta alizaliwa Kampala tarehe 20 Juni 1945, katika ukoo wa Wahindi matajiri wenye mashamba makubwa Uganda. Sifichi hilo. Wako watu husema alishinda kwa pesa za nyumbani, na ni kweli kwamba mtoto wa mchuuzi asingeanza mashindano ya magari akiwa na miaka 21 ndani ya BMW, kama yeye alivyoanza. Mchezo huu tangu mwanzo ulikuwa wa wenye nacho. Ulizaliwa mwaka 1953 kama safari ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na washindani wa mwanzo walikuwa walowezi na wafanyabiashara. Lakini pesa huleta gari tu mpaka kwenye mstari wa kuanzia. Mwenzake wa zama zile, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alitoka kwenye gereji na mikono yake ina grisi, akaishinda Safari 1965 kwa Volvo iliyokwisha tumika, tena akashinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Tajiri na fundi walikutana kwenye matope yale yale.

Kwa asiyeijua Safari ya zamani, isiwe anafikiria hii ya leo ya Naivasha, ambapo barabara hufungwa na gari hukimbia vipande vifupi. Ile ilikuwa barabara wazi, maelfu ya kilomita kwa siku chache, usiku na mchana, pamoja na mabasi, malori, ng'ombe na watoto wanaotoka shule. Baina ya kituo na kituo ulipewa muda. Ukichelewa dakika, unahesabiwa alama ya adhabu. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Ikiwa Pasaka imeangukia ndani ya masika, na mara nyingi huangukia, basi gari zilikwama mpaka axeli. Wengi wa walioanza hawakufika. Na enzi zile ilikuwa Safari ya Afrika Mashariki, magari yakivuka mpaka, kwa hiyo barabara ya Namanga si njia ngeni katika habari hizi. Mpaka leo mbio za ubingwa wa Kenya hufika nyanda za Kajiado.

Sasa ile Datsun. Kampuni ya Nissan ilitoa gari hili mwishoni mwa 1969. Kwao Japani mwanzoni waliliuza na injini ya lita 2, kwa sababu huko gari likizidi lita 2 kodi ilikuwa inapanda sana. Lakini kwa soko la nje, hasa Marekani, waliona lita 2 haitoshi kwa gari lenye sura ile, wakaweka injini ya ukoo huo huo iliyokuzwa hadi lita 2.4. Baadaye ikaja 2.6, kisha 2.8. Yaani kabla ya kijana wa Kitengela kuwaza, kiwanda chenyewe kilishaanza kuweka injini kubwa ndani ya bodi ile ile. Hapo mpwa wangu alitabasamu, akadhani nimekuja upande wake.

Mwaka 1971 Safari ilichukuliwa na Edgar Herrmann kwa 240Z. Wa pili alikuwa Mehta, kijana wa miaka 25, naye kwa 240Z. Ushindi ulikuwa karibu hivyo. Mwaka uliofuata Hannu Mikkola wa Finland akaja na Ford Escort, akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuishinda Safari, na wenyeji wakapigwa na butwaa.

Lakini kwa Mehta mwaka 1972 ulikuwa na jambo kubwa kuliko mbio. Idi Amin alikuwa ameipindua serikali ya Uganda Januari 1971, na Agosti 1972 akatangaza kwamba Waasia watoke nchini kwa siku 90. Watu waliozaliwa pale, waliozikwa wazee wao pale, wakafunga mizigo. Familia ya Mehta ikayaacha mashamba ikaja Kenya. Sisi wa Mombasa tuliwaona wengi waliopitia bandari yetu wakati ule, wazee wetu bado wanasimulia. Tajiri wa Kampala akawa mgeni Nairobi.

Pasaka ya 1973, miezi michache tu baada ya hapo, alisimama kwenye mstari wa kuanzia na 240Z, na msomaji wake wa ramani Lofty Drews. Mwaka ule ubingwa wa dunia wa rally ulikuwa unaanza kwa mara ya kwanza, na Safari ikawa moja ya mashindano yake. Baada ya siku zote hizo, matope yote hayo, vituo vikahesabiwa, na ikaonekana jambo la ajabu: Mehta alikuwa na alama za adhabu sawasawa na Harry Källström wa Sweden, mwenzake wa timu ya Datsun. Sare kamili. Ilibidi kanuni ya kuwatenganisha waliofungana itumike, nayo ikampa Mehta ushindi. Mkimbizi wa Uganda akaipa Kenya kombe.

Nikamuuliza mpwa wangu: huyo Källström alikuwa na gari gani? Hakujua. Alikuwa na Datsun 1800, gari la milango minne la kumpeleka mwalimu shule, silinda 4, lita 1.8. Yule wa michezo, silinda 6, lita 2.4, pua ndefu. Mbio zote zile, wakatoka sare. Fundi alicheka akarudi chini ya lori lake.

Naomba msomaji ukae hapa kidogo, kwa sababu kwangu hapa ndipo penye habari. Injini kubwa hukupa kasi pale ambapo barabara inakuruhusu. Kwenye lami ya Namanga, saa sita za usiku, inakuruhusu sana, na ndiyo maana inaua. Lakini Safari ilikuwa inahukumu gari zima. Inauliza shokamzoba zinavumilia mashimo mangapi, breki zinashika mara ngapi kabla hazijachemka, redieta inapoza vipi ikiwa imezibwa na matope, na yule anayeshika usukani ana subira kiasi gani. Ukiongeza nguvu mbele bila kuyagusa mengine, umeongeza kazi ya kila kitu kilicho nyuma yake. Gari lililotengenezwa kubeba lita 2.4 lilipimwa vyuma vyake kwa lita 2.4.

Baada ya 1973 ikaja kiangazi ya Mehta. Miaka mitano hakushinda nyumbani. Joginder akachukua 1974, Ove Andersson na Peugeot 504 mwaka 1975, Joginder tena 1976, Björn Waldegård na Escort 1977, Jean-Pierre Nicolas na Peugeot 504 ya V6 mwaka 1978. Mtu aliyeshinda mara moja, tena kwa kanuni ya sare, angeweza kusahaulika kabisa hapo, na watu wangesema ilikuwa bahati tu. Yeye aliendelea. Walioshindana naye walimjua kuwa si mtu wa kulipiga gari. Alilihifadhi, akalisikiliza, akajua wapi pa kukanyaga na wapi pa kuachia.

Mwaka 1979 kampuni ya Mercedes ilikuja Kenya kwa nguvu zote. Walileta 450 SLC, gari la kifahari la milango miwili, silinda 8, lita 5. Lita tano! Walikuja na madereva wakubwa wa dunia, Mikkola na Waldegård miongoni mwao. Mehta mara hii hakuwa na 240Z. Alipewa Datsun 160J, ile tuliyoiita Violet, gari dogo la nyumbani lenye silinda 4. Ukilipaki pembeni mwa ile Mercedes unalionea huruma. Alikuwa na Mike Doughty kama msomaji wa ramani. Mehta akashinda, Mikkola na Mercedes yake akawa wa pili.

Pasaka ya 1980 Mercedes wakarudi. Mehta akashinda tena, wa pili akawa Rauno Aaltonen, Mfini aliyekuwa Datsun pia, na Vic Preston Junior akaileta Mercedes nafasi ya tatu. Mwaka 1981, Mehta tena, na Aaltonen wa pili tena, maskini. Mwaka 1982 alishinda na Violet GT akimwacha Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwaka ule ule alimaliza bingwa wa dunia. Jumla mara 5, na nne kati yake mfululizo. Hiyo ya mfululizo wa nne hakuna mwingine aliyeifanya kwenye Safari mpaka leo.

Mpwa wangu ni mjanja, akaniingilia hapo. Akasema kwa heshima yake kwamba mjomba unasema Violet ilikuwa ndogo, lakini 160J maana yake lita 1.6, na gari lile la mashindano halikuwa na lita 1.6. Ni kweli, na nilifurahi kwamba analijua. Gari la dukani lilikuwa na lita 1.6, bali lile la Mehta liliwekewa injini ya karibu lita 2. Kwa hiyo hata yule mshindi wa mara nne alikuwa ameketi nyuma ya injini kubwa kuliko jina la gari lake. Sikutaka kumdanganya mtoto kwamba kubadilisha injini ni haramu au ni ujinga. Kiwanda kilifanya, na kikashinda.

Tofauti ni kwamba kiwanda hakikuishia kwenye injini. Waliotia lita 2 ndani ya Violet waligusa pia springi, breki, difu, bodi yenyewe ikaongezewa vyuma, kisha wakaleta magari ya majaribio Kenya wakayavunja kwa makusudi, wakaandika kilichovunjika, wakarudi Japani kurekebisha. Mehta alikuwa sehemu ya kazi hiyo. Ushindi wa Pasaka ulikuwa umeanza miezi mingi nyuma, kwenye barabara zisizo na mtazamaji hata mmoja. Hilo halionekani kwenye picha ya kalenda, wala kwenye video za simu ambazo kijana wangu huzitazama mpaka usiku wa manane.

Baada ya 1982 zama zilibadilika. Yakaja magari ya nguvu za kutisha, turbo na magurudumu manne yanayovuta, na Mehta hakuipata tena Safari. Aliendelea kushindana nje, katika Ulaya na jangwani. Mkewe, Yvonne, aliyemwoa 1978, alikuwa naye msomaji wa ramani mahiri, na mara nyingi walikuwa wawili ndani ya gari moja. Mimi na mke wangu hatuwezi kufika Voi bila kugombana kuhusu dirisha. Wao walivuka mabara wakiambizana kona. Mwaka 1987 alipata ajali mbaya sana nchini Misri, katika mbio za jangwani ziitwazo Rally ya Mafarao, na maisha yake ya udereva wa ushindani yakaishia pale. Mtu aliyejulikana kwa kulitunza gari, aliyepita salama katika Safari nyingi namna ile, alivunjwa na jangwa. Kadari haina bingwa.

Wengine wakiumia hivyo hurudi nyumbani kuhesabu vikombe. Yeye alihamia upande wa meza. Aliingia kwenye uongozi wa shirikisho la magari la dunia, FIA, akafika kuwa mkuu wa tume yake ya rally. Ni cheo ambacho mtu wa Afrika Mashariki hakupewa kwa kuhurumiwa. Na hapo kuna uchungu wake, kwa sababu ni katika miaka hiyo Safari ilipoondolewa kwenye ubingwa wa dunia. Ya mwisho ilikuwa 2002. Nairobi ilibaki na mbio za kikanda, na wale waliozoea kuwaona mabingwa wa dunia wakipita Taita na kwetu Pwani walibaki na hadithi. Mehta alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60. Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Hakuiona.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka kule Kajiado nilipomaliza, na ng'ombe wanarudi. Mpwa wangu alikaa kimya kidogo kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: kama Mehta angekuwa hapa na gari hili, angeweka injini gani? Sikuwa na jawabu na sikutaka kujifanya ninalo. Nikamwambia amuulize fundi swali jingine, breki za gari hili zikoje.

Fundi alitoka chini ya lori, akapangusa mikono, akatuonyesha. Mbele diski, zimeliwa na kutu. Nyuma ni ngoma, na ndani ya ngoma za nyuma palikuwa na kiota cha panya. Hosi zote zimekauka, ukizikunja zinapasuka. Masta silinda imeganda. Shokamzoba nne zote zimevuja. Kijana alikuwa amepanga bajeti ya lita 3 na turbo juu ya gari lisiloweza kusimama. Tulipiga hesabu kwenye ubao wa boksi, tukaandika vitu kimoja kimoja na bei za Nairobi ambazo fundi anazijua kwa moyo. Hesabu ya breki, springi, hosi na matairi peke yake ilikula zaidi ya nusu ya pesa za chama.

Hakukubali mara moja. Njiani kurudi Kitengela hakusema neno mpaka Isinya, kisha akaanza kulalamika kwamba mimi nimetumwa na mamake, jambo ambalo ni kweli. Usiku tulikula, akaswali, akakaa na simu yake muda mrefu. Asubuhi nikiwa najiandaa kwenda kituoni aliniambia ameiacha ile ya Toyota. Anatafuta L28, ile ya lita 2.8, na fundi amesema kuna moja Nairobi imetolewa kwenye Datsun iliyogongwa, ila lazima aende kuifungua kifuniko kabla ya kulipa. Injini itangojea, alisema. Breki ndizo za kwanza.

Nilimpigia dada yangu kutoka kwenye treni, tukiwa tumepita Emali. Nilimwambia atoe pesa, lakini azitoe mara mbili, nusu sasa na nusu nikiona risiti za breki. Aliniuliza kama gari hilo litaua mtoto wake. Nikamwambia nimeliona, halina hata magurudumu.

Juma lililopita kijana alinitumia picha. Gari bado liko juu ya mawe, lakini diski mbili mpya zinang'aa mbele, na ngoma za nyuma zimefunguliwa, zimesafishwa, zimewekwa juu ya gunia. Kwenye ukuta nyuma ya fundi ile kalenda bado ipo. Ameniambia amemwomba fundi asiitoe.